Pedali Tatu, Miguu Miwili: Tathmini ya Ford Model T

Gari ninalolitathmini hapa liliacha kuundwa tarehe 26 Mei 1927, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza kuna faida gani kulipima leo kana kwamba lingali linasubiri mteja kwa muuzaji. Jibu langu ni kwamba Ford Model T bado linanunuliwa na kuuzwa, vipuri vyake vingali vinatengenezwa upya, na wapo watu wanaoliendesha si kwa ajili ya maonyesho bali kwa sababu linatembea. Zaidi ya hayo, karibu kila andiko nililowahi kulisoma juu yake ni historia ya kiwanda, ya mwenye kiwanda na ya ujira wa wafanyakazi; gari lenyewe, lile ambalo mnunuzi alilitolea fedha na kuondoka nalo, huambulia aya mbili. Mimi nitafanya kinyume. Kwa siku tatu niliachiwa gari la wazi la watu watano la mwaka 1917, lililokarabatiwa bila kubadilishwa asili yake, nikaliwasha, nikaliendesha, nikalilaza, na nikalirudisha kwa mwenyewe likiwa zima, nami nikiwa na kidole gumba changu mahali pake. Hilo la kidole gumba si mzaha, kama itakavyoonekana.

Kuliwasha kuna utaratibu wake, na anayeruka hatua hujuta. Gari la mwaka 1917 halina stata wala betri. Stata ya umeme ilikuwa imekwishapatikana: mhandisi Charles Kettering aliikamilisha mwaka 1911, na kampuni ya magari ya Cadillac wakaifunga katika magari yao ya mwaka 1912; lakini Model T lilisubiri hadi mwaka 1919, na hata hapo ilianza na magari yenye mwili uliofunikwa. Kwa hiyo dereva huanza kwa kuvuta wenzo wa breki ya mkono nyuma kabisa, kitendo ambacho hufanya kazi mbili kwa mpigo, yaani kufunga magurudumu ya nyuma na kuiachanisha injini na gia. Kisha hushika nyenzo mbili ndogo zilizo chini ya usukani. Wa kushoto hutawala wakati wa cheche, nao husukumwa juu kabisa ili cheche ichelewe. Wa kulia ni wa petroli, nao hushushwa kidogo. Huenda mbele ya gari, huvuta waya unaochungulia kando ya rejeta ili kabureta ivute mchanganyiko mzito, na huzungusha hendeli mara mbili tatu injini ikiwa bado imezimwa. Hurudi kufungua swichi kwenye kisanduku cha koili, huenda tena mbele, na sasa hushika hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, na kuivuta juu kwa ghafla kutoka chini.

Kila sehemu ya maelezo hayo ina sababu yake. Cheche isipocheleweshwa, petroli hulipuka kabla pistoni haijafika juu, injini hupiga kinyume, na hendeli hurudi nayo kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauwezi kuizuia. Kidole gumba kilichozungushwa upande wa pili hunaswa na kuvunjika. Anayeisukuma hendeli chini kwa mkono wa kulia badala ya kuivuta juu kwa wa kushoto hubeba kishindo chote kwenye kifundo cha mkono. Mifupa mingi ilivunjika kwa namna hiyo katika miaka ambayo watu walikuwa bado wanajifunza. Mwenye gari alinieleza mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia: "Vuta, ndugu yangu, usisukume." Katika majira ya baridi kulikuwa na hatari nyingine, kwa kuwa oili ikishakuwa nzito hugandisha sahani za klachi zisiachane vizuri, na gari likiwaka huanza kumsogelea taratibu yule aliyesimama mbele yake na hendeli mkononi. Wenye magari waliozoea hali hiyo walikuwa wakiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kuliwasha.

Siku ya kwanza nilifanikiwa kwa mvuto wa nne. Siku ya tatu nilifanikiwa kwa wa pili, na nakiri kwamba nilijisikia mtu mkubwa kuliko nilivyostahili.

Kuendesha kunataka mtu aliyezoea magari ya leo asahau kabla ya kujifunza. Sakafuni mna pedali tatu, na hakuna hata moja ya kuongeza mwendo, kwa sababu mwendo huongezwa kwa mkono kupitia wenzo wa kulia chini ya usukani. Pedali ya kulia ni breki. Ya katikati ni ya kurudi nyuma. Ya kushoto ndiyo inayowachanganya wengi: ikikanyagwa hadi chini inatia gia ya kwanza, ikishikiliwa nusu njia gari liko huru, na ikiachiwa kabisa, wenzo wa breki ya mkono ukiwa umelazwa mbele, gari linaingia gia ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho. Fikiria basi dereva wa leo anayeshtuka njiani na kufanya kile ambacho mguu wake wa kushoto umekizoea kwa miaka, yaani kukanyaga klachi hadi sakafuni. Katika Model T atakuwa ameamuru injini iendelee kulisukuma gari kwa gia yenye nguvu zaidi. Nilitumia saa nzima ya kwanza katika uwanja mtupu kuufundisha mguu huo kuishia nusu njia, na singemshauri mtu yeyote aingie barabarani kabla ya kufanya hivyo.

Hata hivyo, ni kosa kuhesabu ugumu huo kama dosari ya gari. Ni ugumu wetu. Katika magari mengi ya mwaka 1908 kubadilisha gia kulihitaji kuoanisha kasi ya magurudumu ya meno kwa kusikiliza kwa sikio, na aliyekosea aliyasagisha. Gia zinazojioanisha zenyewe zilikuja katika Cadillac mwaka 1928. Gia za Model T, kinyume chake, daima zimeshikana, zikizungukana kama sayari, na kinachobadilika ni mkanda upi unaobana ngoma ipi. Haiwezekani kuzisagisha hata kwa makusudi. Kwa mkulima wa Kansas au Iowa ambaye hakuwahi kugusa chombo chenye injini maishani mwake, mpangilio huu ulikuwa rahisi kuliko ule tulioupokea sisi baadaye, na naamini kwamba bila ya sanduku hilo la gia gari lisingeuzwa hata nusu ya lilivyouzwa. Kuna na faida ya pembeni: mtu anaweza kupokezana pedali ya gia ya kwanza na ya kurudi nyuma bila kupumzika, na kwa kulitikisa gari mbele na nyuma namna hiyo akajinasua kutoka katika tope.

Na tope ndilo lililokuwa kipimo halisi cha gari hili. Marekani ya mwaka 1908 ilikuwa na reli nzuri na barabara mbaya. Nje ya miji, njia nyingi zilikuwa udongo mtupu uliogeuka uji kila mvua iliponyesha, na sheria ya kwanza ya serikali kuu kugharimia barabara za majimbo ilipitishwa mwaka 1916 tu. Gari lililojengwa chini chini na kukazwa kila upande lingepasuka. Model T limesimama juu, nafasi iliyo kati ya ardhi na tumbo lake inafikia takribani sentimita 25, na badala ya springi nne lina springi mbili tu zilizolazwa kukingama, moja mbele na moja nyuma. Injini imeshikwa na fremu katika sehemu tatu, kama kigoda cha miguu mitatu ambacho hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Chuma chake muhimu kilichanganywa na madini ya vanadi, jambo lililowawezesha wabunifu kutumia vipande vyembamba visivyokatika, na magari ya mwanzo yalikuwa na uzito wa takribani kilo 540 tu. Nililipitisha juu ya njia ya mashimo ambayo kwa gari langu mwenyewe huizunguka. Gurudumu moja la mbele lilipanda, la pili likashuka, ekseli ikalala upande kama ubao wa pembea, na mwili wa gari ukabaki karibu sawa. Mtikisiko ulikuwapo, na meno yangu yaligongana, lakini hapakuwa na sauti ya chuma kikiteseka.

Injini ni ya silinda nne na lita 2.9, nayo hutoa nguvu farasi 20. Tarakimu hiyo inachekesha leo, ila nguvu zenyewe hupatikana injini ikizunguka polepole, na gari huvuta kwa subira ya punda. Mwendo wake wa juu ni kati ya kilomita 64 na 72 kwa saa. Mimi sikuvuka 50, kwa kuwa usukani ni mwepesi wa kugeuka kupita kiasi na kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa la gurudumu. Lita moja ya petroli hulipeleka kati ya kilomita 5 na 9 kulingana na njia na mzigo. Maji ya kupoza hayasukumwi na pampu, isipokuwa katika magari elfu mbili na kitu ya mwanzo kabisa. Katika mengine yote huzunguka yenyewe, ya moto yakipanda kwenye rejeta na ya baridi yakishuka. Siku ya pili nilisahau kushusha wenzo wa cheche baada ya kuwasha, nikaendesha mwendo mrefu cheche ikiwa imechelewa, na rejeta ikaanza kutokota kama birika. Kosa lilikuwa langu. Gari lilikuwa limekwisha kuniambia kwa uvivu wake kwamba kuna jambo si sawa, nami sikusikia.

Sasa breki, ambazo ndizo lalamiko langu kubwa na ambazo singemficha mnunuzi yeyote. Breki ya mguu haipo kwenye magurudumu. Ni mkanda unaobana ngoma ndani ya sanduku la gia, na nguvu yake husafiri kupitia mhimili na ekseli ya nyuma mpaka kwenye magurudumu mawili. Breki ya mkono hubana ngoma ndogo za magurudumu ya nyuma, nayo inafaa kulizuia gari lililosimama kuliko kulisimamisha lililo mwendoni. Mbele hakuna breki ya aina yoyote. Matokeo yake ni kwamba kitu chochote kikikatika kati ya sanduku la gia na gurudumu, breki ya mguu hupotea papo hapo pamoja nacho. Na kinachoharibika kinajulikana: ndani ya ekseli ya nyuma mna pete za kuzuia msukumo zilizotengenezwa kwa madini laini ya babiti, ambazo kwa umri hupasuka na kumeguka, meno ya ekseli yakaachana, na dereva akabaki anashuka mlima na wenzo wa mkono peke yake. Kwa mwendo wa mwaka 1917, katika njia isiyo na chombo kingine zaidi ya mkokoteni, jambo hilo lilivumilika. Kwenye lami ya leo, nyuma ya lori linaloweza kusimama kwa umbali mfupi, halivumiliki.

Dereva wa zamani walijua njia ya kujisaidia, nayo ni kukanyaga pedali ya kurudi nyuma badala ya breki, taratibu, ili mikanda ya pamba ichakae kwa usawa. Nilijaribu. Inafanya kazi vizuri ajabu, na inatisha vilevile.

Nitapita upesi juu ya mambo madogo. Tangi la petroli limewekwa chini ya kiti cha mbele na halina kipimo. Abiria hushuka, kiti huondolewa, na kijiti huchovywa. Petroli hushuka kwenye kabureta kwa uzito wake wenyewe, kwa hiyo tangi likikaribia kuisha na mlima ukiwa mkali, mafuta hayafiki, na dawa iliyojulikana na kila mtu ilikuwa kuligeuza gari na kuupanda mlima kinyumenyume, jambo lililosaidiwa na ukweli kwamba gia ya kurudi nyuma ina nguvu kuliko ya kwanza. Oili hupimwa kwa kufungua vibomba viwili vilivyo chini ya injini: kikitoa cha juu imejaa, kisipotoa cha chini umechelewa. Taa za mbele zilikuwa za gesi ya asetilini hadi mwaka 1915, na zilizofuata zinapata umeme kutoka kwa sumaku 16 zilizofungwa kwenye gurudumu la mzunguko la injini, kwa hiyo huwaka vizuri gari likienda kasi na hufifia pale hasa dereva anapopunguza mwendo kwa kuwa haoni. Matairi ya mbele ni membamba kuliko ya nyuma, hivyo mwenye busara alibeba akiba ya aina mbili. Na upande wa kushoto wa mbele, anapokaa dereva, kuna mlango uliochorwa katika bati bila kufunguka. Dereva huingilia upande wa pili au huruka. Sijapata kuelewa kwa nini bati lilipewa umbo la mlango badala ya kuachwa liwe bati.

Sifa kuu ya gari hili, ile inayoyafanya hayo yote yasameheke, ni kwamba halimfichi mwenye nalo kitu chochote. Silinda zote nne zimesubiwa katika bonge moja la chuma, na kichwa chake hufunguliwa kwa kuondoa bolti. Katika mwaka 1908 magari mengi hayakuwa hivyo, na kukwangua masizi kwenye pistoni ilikuwa kazi ya fundi kwa siku kadhaa. Koili nne za cheche zimekaa katika kisanduku cha mbao mbele ya macho ya abiria, na kila moja huchomolewa kwa mkono mtupu na kuwekwa mahali pa mwenzake ili kubaini iliyo mbovu. Kipande cha gari la mwaka mmoja mara nyingi huingia katika gari la miaka mitano nyuma bila kuchongwa, kwa kuwa vilitengenezwa kwa vipimo vilevile na kwa wingi uliofanya bei yake iwe ndogo. Mwenye gari aliyekuwa na spana mbili, bisibisi, koleo na subira aliweza kufanya karibu kila kazi chini ya mti. Wengine walilifanyia na kazi ambazo halikukusudiwa: waliinua ekseli ya nyuma, wakavisha mkanda kwenye gurudumu, na injini ikasukuma msumeno, pampu ya maji au kinu. Nakumbuka nilipoinua boneti kwa mara ya kwanza nilishangazwa na uwazi, kwa maana halisi ya neno hilo. Mkono unazunguka injini pande zote bila kugusa waya usiojulikana kazi yake.

Bei nayo ni sehemu ya bidhaa, na hapa historia ya kiwanda haikwepeki. Gari la watu watano liliuzwa dola 850 lilipoanza. Halikuwa gari rahisi kuliko yote, ila lilikuwa rahisi kuliko yote yaliyokuwa na uwezo wake. Kufikia Agosti 1916 gari la aina hiyo hiyo, kama hili nililoliendesha, lilikuwa limeshuka hadi dola 360, na mwaka 1925 toleo la watu wawili lilipatikana kwa dola 260. Kilicholishusha ni kiwanda cha Ford cha Highland Park, karibu na Detroit, ambako mwaka 1913 magari yalianza kuwaendea wafanyakazi badala ya wafanyakazi kuyaendea magari. Kuunganisha fremu na mitambo yake, kazi iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12, ilifanywa kwa dakika 93 mwaka uliofuata. Kazi hiyo ya kukaza nati ileile mchana kutwa iliwakimbiza watu kwa kasi isiyosemeka, kiwango cha wafanyakazi kuondoka kikafika asilimia 370 kwa mwaka 1913, na ndiyo maana tarehe 5 Januari 1914 kampuni ikatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8 badala ya kima cha dola 2.34 kwa saa 9. Ukarimu huo ulikuwa na masharti. Maofisa wa kiwanda waliwatembelea wafanyakazi majumbani kuona kama wanalewa, kama wanaweka akiba na kama nyumba ni safi. Lakini hesabu inazungumza. Kwa dola 2.34 kwa siku, gari la dola 850 ni kazi ya siku 363. Kwa dola 5, gari la dola 260 ni kazi ya siku 52. Sijui bidhaa nyingine ya ukubwa huo iliyomsogelea mnunuzi wake kwa mwendo wa namna hiyo huku ubora wake ukibaki palepale.

Wateja wa mwaka 1914 hadi 1915 waliahidiwa kwamba mauzo yakivuka magari 300,000 katika miezi kumi na miwili watarudishiwa sehemu ya fedha zao. Yalivuka, na kila mmoja akapelekewa dola 50. Naitaja kwa sababu huduma baada ya mauzo hupimwa kwa ahadi zilizotimizwa, na pia ili nisionekane nasifu kila kitu kilichotoka Detroit: mwaka 1909 Ford walitangaza kwa kishindo kwamba Model T limeshinda mashindano ya kutoka New York hadi Seattle, na ilipobainika baadaye kwamba injini ilibadilishwa njiani kinyume cha kanuni, ushindi ukaondolewa, lakini ulikuwa umekwisha kuuza magari.

Kuhusu rangi, wengi hudhani kwamba gari hili daima lilikuwa jeusi. Sivyo. Miaka ya mwanzo lilipatikana kwa kijani, nyekundu, buluu na kijivu. Weusi wa lazima ulianza mwaka 1914 na kuendelea hadi 1925, kwa sababu rangi moja inakirahisishia kiwanda kinachokimbia. Katika weusi huo ndimo ninapoona ubovu mkubwa wa bidhaa hii, ambao haumo ndani ya chuma chake. Gari la mwaka 1908 lilikuwa mbele ya wakati wake kwa miaka kadhaa. Gari la mwaka 1925 lilikuwa karibu gari lilelile. Henry Ford aliamini kwamba amepata jibu, na kwamba kazi iliyobaki ni kulipunguzia bei jibu hilo. Wakati huohuo Chevrolet waliuza gari lenye gia tatu, General Motors, wamiliki wa Chevrolet, wakawa na kampuni ya mikopo tangu mwaka 1919 iliyomwezesha mnunuzi kulipa polepole, barabara zikawa nzuri, na ule urefu wa gari juu ya ardhi uliokuwa fahari ukageuka kuwa kichekesho. Mnunuzi hakuwa tena mkulima anayetaka kufika. Alikuwa mtu aliyekwisha kumiliki Model T moja na sasa alitaka kitu kingine. Ford walipokubali mwishowe, hawakuwa na gari la kulirithi. Viwanda vilifungwa kwa miezi hadi Model A lilipoonyeshwa Desemba 1927. Magari zaidi ya milioni 15 yalikuwa yametoka, idadi ambayo haikupitwa na gari la aina moja mpaka Volkswagen ya kobe ilipoipita mwezi Februari 1972.

Kwa anayefikiria kununua leo, ushauri wangu unaanzia chini ya gari na si kwenye rangi. Uliza kwanza kama pete za babiti ndani ya ekseli ya nyuma zimeondolewa na kuwekwa za shaba nyeusi. Muuzaji asiyejua unachouliza amekujibu. Kisha tikisa magurudumu. Spoku zake ni za mbao, na mbao zilizokauka hulia kabla ya kuachia. Tazama mikanda ya sanduku la gia kupitia kifuniko cha juu, kwa kuwa pamba iliyochakaa huacha nyuzi ambazo huziba njia ya oili, na oili ya injini na ya gia ni moja. Koili zisikutishe, hurekebishwa kwa bei ndogo. Nyongeza mbili zilizouzwa tangu enzi zake zinastahili fedha yake, nazo ni ekseli ya Ruckstell, inayoongeza gia kati ya ile ya kuvuta na ile ya kukimbia, na breki za ziada za nje zinazobana magurudumu ya nyuma moja kwa moja. Wapo watakaosema kwamba nyongeza hizo zinaharibu asili ya gari. Wengi wa watu wa miaka ya 1920 walizifunga wao wenyewe, na mimi nawafuata hao.

Je, mimi ningelinunua? Kwa ajili ya mji, hapana, na kwa barabara kuu hapana mara mbili. Kwa njia za udongo, kwa mwendo wa kilomita 40, breki zikiwa zimeongezwa na mlima ukiwa si mrefu, ningelinunua bila kusita, na ningelichagua lile lisilo na stata. Jioni ya siku ya tatu mwenye gari alipokuja kulichukua hakuniuliza limekwendaje. Aliondoa kiti, akachovya kijiti kwenye tangi, akakitazama kwenye mwanga, kisha akafungua kibomba cha chini cha oili na kusubiri mpaka tone likatoka.